Jinsi ya kupima risasi ya kaliba ya kati kwa uwindaji wa wanyama wakubwa

Mtu anayetafuta bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa kwa kawaida huuliza swali moja tu: ipi ina nguvu zaidi? Jibu analopewa huwa ni namba ya jouli, yaani kipimo cha nishati, iliyochapishwa ubavuni mwa boksi. Namba hiyo ina kazi yake na nitaifikia, lakini si yenyewe inayomwangusha mnyama. Mnyama huangushwa na tundu: kichwa cha risasi kimeingia wapi, kimefika kina gani, na kimeharibu nini njiani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza kwa mnyama, unaingia kwenye kichwa cha risasi, ndipo unafika kwenye majina ya risasi, bega la mpigaji na uwanja wa shabaha. Wengi hufuata njia hiyo kinyumenyume. Huanza na jina wanalolisikia likisifiwa, kisha hutafuta sababu za kulitetea, na gharama ya pupa hiyo hulipwa na mnyama anayekimbia na jeraha lisilomuua.

Ninaposema kaliba ya kati nina maana ya vipenyo vya kichwa cha risasi kuanzia inchi .338, yaani milimita 8.6, hadi inchi .375, yaani milimita 9.5. Katikati yake zimo .358 ya inchi na 9.3 ya milimita. Chini ya hapo kuna kaliba nyepesi kama .30-06, na juu yake zinaanza kaliba nzito kama .416. Kundi hili la kati linapendwa kwa sababu ya wazi: bunduki moja inaweza kumwangusha pofu, tandala mkubwa au dubu wa kahawia, baadhi yake hata nyati, na bado mtu wa kawaida akaweza kujifunza kuipiga vizuri.

Hatua ya 1: Anza na mnyama na sheria

Chukua karatasi, andika wanyama wote unaokusudia kuwawinda kwa kibali, kisha mzungushie duara yule aliye mgumu kuliko wote. Huyo ndiye atakayeamua. Sisemi aliye mzito kuliko wote, kwa kuwa uzito ni nusu tu ya habari. Pofu dume mkubwa anaweza kufikia kilo 900 na kumpita nyati wengi kwa uzito, lakini nyati ana ngozi nene, mbavu pana zilizokaribiana, misuli mizito ya bega, na tabia ya kumgeukia aliyemjeruhi. Risasi inayomtosha pofu kwa raha inaweza kuwa ya wasiwasi kwa nyati.

Kisha fikiria safari ambayo kichwa cha risasi kitasafiri ndani ya mwili. Mnyama akisimama ubavu wazi, kichwa hupita ngozi, mbavu na mapafu yote mawili. Hiyo ndiyo safari fupi, na karibu risasi yoyote ya kundi hili huimaliza. Akisimama mshazari huku mgongo wake umekuelekea, kichwa kinaweza kulazimika kupenya tumbo lililojaa majani mabichi yaliyolowa kabla ya kufika kifuani. Majani hayo husimamisha risasi kuliko wengi wanavyodhani. Mfupa wa bega nao ni jambo lingine kabisa. Pima risasi yako kwa safari ngumu unayoweza kukutana nayo porini, maana hata ukipania kupiga ubavu wazi tu, mnyama aliyejeruhiwa hakuchagulii pembe ya risasi ya pili.

Sheria isomwe mapema, kabla ya kununua chochote. Nchi nyingine hupiga marufuku uwindaji huu kabisa, kama Kenya ilivyofanya mwaka 1977. Zinazouruhusu mara nyingi huweka kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Kuna zinazotaja kipenyo tu, na mara nyingi kipenyo hicho ni .375, kuna zinazotaja jouli, na kuna zinazodai vyote viwili. Zimbabwe ni mfano mzuri wa kundi la mwisho: kwa nyati na tembo inadai kipenyo kisichopungua milimita 9.2 pamoja na nishati isiyopungua jouli 5,300 mdomoni mwa mtutu. Kumbuka namba hizo mbili, tutazirudia kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Chunguza kichwa cha risasi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Tofauti kati ya kichwa kizuri na kibaya ndani ya kaliba moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kaliba mbili zinazofuatana. Ningechukua 9.3 yenye kichwa bora kuliko .375 yenye kichwa dhaifu, bila kusita.

Kichwa cha kawaida cha kuwindia kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba, na ncha ya mbele imeachwa wazi ili kichanue kama uyoga kinapogonga nyama. Kikigonga kwa kasi kubwa au kikakutana na mfupa, koti linaweza kuachana na kiini, vipande vikatawanyika, na kina kikaishia njiani. Kwa swala wa wastani hilo huenda lisilete madhara. Kwa mnyama mkubwa ni balaa. Kampuni ya Nosler husimulia kwamba mwanzilishi wake, John Nosler, alikutana na tatizo hilo hilo mwaka 1946 huko British Columbia: vichwa vyake vilivunjika juu ya mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aliyekauka matope mwilini, bila kufika ndani. Jibu lake lilikuwa kichwa cha vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba, kilichoingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la Partition. Nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma.

Tangu hapo njia zimekuwa nyingi. Kuna vichwa ambavyo kiini kimeunganishwa na koti kwa joto au kemikali ili visiachane. Kuna vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, vinavyofunguka kama petali za ua na kubakiza karibu uzito wote. Na kuna vichwa vigumu visivyochanua hata kidogo, vyenye ncha butu au bapa, ambavyo kazi yake ni kupenya kwa mstari ulionyooka katika wanyama wenye ngozi na mifupa mizito kama tembo na kiboko. Kwa nyati, wawindaji wengi hutanguliza kichwa kinachochanua lakini kisichovunjika, kisha nyuma yake huweka vigumu kwa risasi za kumfuata akiwa anakimbia. Mpangilio huo naukubali, kwa sharti kwamba aina zote mbili zinapiga mahali pamoja katika bunduki yako. Hilo halijulikani mpaka upige.

Baada ya muundo, angalia uwiano wa uzito na kipenyo. Chukua uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi), gawanya kwa 7,000, kisha gawanya jibu kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa kwa chenyewe. Kichwa cha .375 cha greni 300 kinakupa 0.305. Kichwa cha 9.3 cha greni 286 nacho kinakupa 0.305, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kusema vinafanana ndani ya mnyama. Cha .338 cha greni 250 kinatoa 0.313. Cha .358 cha greni 250 kinatoa 0.279. Kadiri namba inavyopanda, na muundo ukiwa sawa, kichwa kina uzito zaidi nyuma ya kila sehemu ya uso wake, kwa hiyo kinapenya zaidi. Kwa nyati mimi sishuki chini ya 0.30 kwa vichwa vya madini ya risasi. Kwa pofu na wanyama wa ukubwa huo, 0.27 na kuendelea inatosha ikiwa kichwa hakivunjiki.

Vichwa vya shaba tupu vina hesabu yake. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito ule ule kichwa huwa kirefu zaidi, na kwa sababu kinabaki na uzito wake karibu wote, unaweza kushuka ngazi moja ya uzito bila kupoteza kina. Angalizo ni kasi. Shaba inahitaji mwendo wa kutosha ili ifunguke, na mtengenezaji hutaja kiwango cha chini. Ukisoma mita 600 kwa sekunde, basi tafuta kwenye jedwali ni umbali gani kasi inashuka hadi hapo, na umbali huo ndio mwisho wako kwa kichwa hicho, hata kama darubini inakuonyesha mbali zaidi.

Usikubali maneno ya boksi bila kujaribu. Loweka magazeti usiku kucha, yapange kwa kubana ndani ya sanduku lenye urefu wa mita moja au zaidi, liweke mbele ya tuta la udongo katika uwanja halali wa shabaha, kisha piga kutoka mita 50 na tena kutoka umbali wako wa mwisho. Mita 50 ni mtihani wa kuvunjika, kwa kuwa kasi bado iko juu. Umbali wa mwisho ni mtihani wa kuchanua. Chimbua vichwa, vipime kwa mizani ndogo na kipimo cha milimita. Kichwa cha greni 300 kinachotoka na greni 270 kimebakiza asilimia 90, na hicho ni kizuri sana. Kikitoka na 150, kiweke kando kwa wanyama wadogo. Angalia pia upana: .375 iliyochanua hadi milimita 18 hivi imekaribia mara mbili ya kipenyo chake. Wengi hufurahia upana mkubwa zaidi, lakini upana na kina hugombana, na kwa mnyama mzito mimi huchagua kina. Karatasi iliyolowa si nyama wala mfupa, kwa hiyo usiseme kichwa kitaingia sentimita fulani ndani ya nyati kwa kuwa kiliingia hivyo kwenye gazeti. Tumia jaribio kulinganisha kichwa kimoja na kingine, basi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya boksi mwenyewe

Nishati hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wa kichwa kwa kilo na mwendo wa mita kwa sekunde, mara mwendo huo tena. Greni moja ni gramu 0.0648. Chukua .375 H&H Magnum yenye kichwa cha greni 300 kwa mwendo wa futi 2,530, yaani mita 771 kwa sekunde. Greni 300 ni gramu 19.44. Jibu ni kama jouli 5,780.

Sasa weka kichwa cha greni 235 katika risasi hiyo hiyo, kwa mwendo wa mita 853 kwa sekunde. Unapata kama jouli 5,540. Kwenye karatasi risasi hizi mbili zinatofautiana kidogo sana, mtu angesema ni ndugu. Lakini uwiano wa uzito na kipenyo umeanguka kutoka 0.305 hadi 0.239. Ndani ya bega la nyati hizo ni risasi mbili tofauti kabisa, na jouli hazikukuambia lolote. Ndiyo maana naiweka nishati katika hatua ya tatu. Inafaa kwa sheria na kwa kulinganisha risasi zenye vichwa vya aina moja, na zaidi ya hapo inapotosha.

Tukirudi kwenye sheria ya Zimbabwe: 9.3×62 (kipenyo cha milimita 9.3, na ganda, yaani kopo linaloshika baruti, la urefu wa milimita 62) yenye kichwa cha greni 286 kwa mwendo wa kawaida wa mita 719 kwa sekunde inatoa kama jouli 4,790. Kipenyo kinatimiza sharti, nishati haitimizi. Ili kufikia 5,300 kwa kichwa hicho inabidi mwendo upande hadi kama mita 756 kwa sekunde. Wapo wanaouza risasi za 9.3×62 zenye nguvu zaidi ya zile za kawaida, lakini mtu aliyenunua boksi la kawaida akijua tu kwamba "9.3 inaruhusiwa" anaweza kujikuta amevunja sheria bila kukusudia.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mwendo wa boksi. Viwanda hupima kwa mtutu wa majaribio, mara nyingi wa inchi 24 au zaidi. Mtutu mfupi hupunguza mwendo, kwa makadirio ya mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi katika kaliba hizi. Ukiweza kupata kifaa cha kupimia mwendo, piga risasi zako kupitia bunduki yako na utumie namba hiyo katika kila hesabu inayofuata.

Hatua ya 4: Linganisha majina

Sasa tuzungumze majina, na nitasema wazi ninayoyaamini.

9.3×62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, ili itoshee katika bunduki za Mauser za urefu wa kawaida zilizobebwa na Wajerumani waliokwenda Afrika. Shinikizo lake ni la wastani, ganda lake ni jembamba kiasi cha kujaza risasi tano kwenye magazini bila shida, na teke lake, yaani msukumo wa bunduki begani, linavumilika. Kama sheria ya unakowinda inakuruhusu, na mnyama wako mgumu zaidi ni pofu au dubu, sioni sababu ya kwenda juu ya hapo.

.375 H&H Magnum ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Ganda lake lina mwili ulioteremka taratibu na bega la mteremko mpole, umbo lililotokana na baruti ya kodaiti ya zama zile, na umbo hilo bado lina faida: linaingia na kutoka kwenye chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, kwa ulaini mkubwa. Upungufu wake ni urefu. Inahitaji bunduki ya bolti (komeo la kuchajia) ndefu, hivyo silaha huwa nzito na mkono hulazimika kusafiri zaidi kila unapochaji. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka bunduki moja tu ya wanyama wote wakubwa, hii ndiyo ningemshauri. Inakubalika kisheria mahali pengi, vichwa vyake ni vya kila aina, na risasi zake hupatikana sehemu ambazo kaliba nyingine hazijulikani. Mzigo wa ndege ukichelewa nawe uko mbali na nyumbani, hilo la mwisho litakuwa muhimu kuliko mengine yote.

.375 Ruger, ya mwaka 2007, hutoa kazi ile ile au zaidi kidogo kutoka ganda fupi lisilo na belti (ukingo unaozunguka kitako cha ganda), katika bunduki ya urefu wa kawaida. Kiufundi ni nzuri sana. Kinachopungua ni upatikanaji.

.338 Winchester Magnum, ya mwaka 1958, imetokana na ganda la .375 H&H lililofupishwa na kubanwa shingo. Kwa kichwa cha greni 250 na mwendo wa mita 811 kwa sekunde hutoa jouli 5,300 na ushei, na hunyooka vizuri kwa mbali. Kwa wanyama wakubwa wa milimani na nyika zilizo wazi ni chaguo la nguvu. Ila kipenyo chake hakifikii sharti la nchi nyingi kwa wanyama hatari, na teke lake ni la ghafla.

.35 Whelen ni ganda la .30-06 lililopanuliwa shingo. Kwa greni 250 na mwendo wa mita 730 hivi hutoa kama jouli 4,340. Msituni, kwa umbali wa chini ya mita 200, ni risasi ya kuaminika isiyo na makeke.

Hatua ya 5: Pima teke kwa bega lako

Teke ndilo linaloamua kama hayo yote yatakufaa. Kwa hesabu ya kawaida, .30-06 yenye kichwa cha greni 180 katika bunduki ya kilo 3.6 hurudi kwa jouli 27 hivi. .375 H&H ya greni 300 katika bunduki ya kilo 4.1 hurudi kwa kama 52, karibu mara mbili. .338 Winchester kwa uzito huo wa bunduki ni kama 42, na 9.3×62 ni kama 39.

Lakini tazama uzito wa bunduki unavyobadilisha mambo. .375 ile ile katika bunduki ya kilo 3.6 inapanda hadi jouli 59, na katika ya kilo 4.5 inashuka hadi 47 na nusu. Pima bunduki ikiwa na darubini, mkanda na risasi ndani, maana ndivyo utakavyoibeba na ndivyo utakavyoipiga. Bunduki nyepesi ya .375 hupendeza dukani na kwenye kupanda vilima, halafu hukufundisha kufumba macho.

Kufumba macho na kukaza bega kabla ya mlio ndiko kunakoharibu shabaha kuliko kosa lolote la risasi. Kujua kama unalo tatizo hilo, mwombe mwenzako akupakilie bunduki, mara aweke risasi halisi, mara risasi bandia, bila kukuonyesha. Fyatuo likianguka juu ya risasi bandia nawe mtutu ukauona unaruka au unainama, jibu umelipata. Rudi kwenye kaliba ndogo, fanya mazoezi ya kufyatua bunduki tupu, na upige risasi chache za kaliba ya kati kwa kila kipindi. Risasi tano zilizopigwa kwa utulivu zinafundisha kuliko ishirini za maumivu.

Piga ukiwa umesimama kila inapowezekana, kwa sababu mwili uliosimama huyumba na teke. Ukikaa mezani huna pa kwenda na bega linabeba lote. Hakikisha urefu wa kitako unakutosha na kwamba mpira wa mwisho ni laini. Darubini iwe na nafasi ya sentimita 9 au 10 hadi kwenye jicho, la sivyo pete yake itakukata juu ya nyusi. Kifaa cha mdomo wa mtutu kinachopunguza teke hufanya kazi kweli, lakini mlio wake huumiza masikio ya kila aliye pembeni, na msituni anayekuongoza husimama pembeni. Mimi simshauri mtu akitumie kwenye uwindaji wa karibu.

Ikiwa baada ya mazoezi ya kweli bado unaiogopa .375, shuka. Mpigaji mtulivu wa .35 Whelen atamwangusha mnyama wake kwa usafi kuliko mpigaji mwoga wa kaliba yoyote kubwa zaidi. Na kama mnyama uliyemzungushia duara anadai .375 kisheria nawe huiwezi, basi huyo bado si mnyama wako.

Hatua ya 6: Chora mpaka wa umbali

Kaliba ya kati si ya kupigia mbali sana, ingawa baadhi zinaweza. .375 ya greni 300 iliyosawazishwa mita 200, yaani darubini imewekwa ili risasi igonge alama hasa kwenye umbali huo, hupita sentimita chache juu ya alama kwenye mita 100, na kwenye mita 300 inakuwa imeshuka kama sentimita 30. Kwa wanyama hatari umbali huo hauna maana, kwa kuwa hao hupigwa kwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, na kwa nyati mimi husawazisha kwa mita 100 tu ili nisiwe na hesabu yoyote ya kichwani. Kwa pofu kwenye nyika, mita 200 ni nzuri.

Mpaka wako ni mfupi kati ya mitatu: umbali ambao kichwa bado kina kasi ya kuchanua, umbali ambao mshuko wake haukulazimishi kubahatisha, na umbali ambao wewe unaweza kupiga duara la sentimita 15 kila mara ukiwa umeegemeza bunduki kwenye miti mitatu ya kupigia iliyofungwa pamoja. Kwa watu wengi, wa tatu ndio mfupi kuliko yote.

Hatua ya 7: Kagua bunduki inavyokula risasi

Hatua hii ni fupi ila wengi huiruka. Jaza magazini na uhesabu zinazoingia kweli. Kisha, uwanjani na mtutu ukielekea kwenye tuta, chaji risasi bandia zenye umbo la vichwa utakavyotumia, kwanza polepole, kisha kwa nguvu na haraka, bunduki ikiwa begani. Vichwa butu na bapa ndivyo hukwama, hasa vigumu. Bolti ikikwama hata mara moja, ipeleke kwa fundi au badilisha kichwa. Usijipe moyo kwamba itazoea.

Risasi zilizoachwa juani au juu ya dashibodi ya gari hupanda shinikizo, na risasi iliyokuwa sawa kwenye baridi inaweza kufanya ganda ling'ang'anie chemba kwenye joto kali. Zibebe kivulini, ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa.

Hatua ya 8: Jaribio la mwisho

Kundi la matundu matatu yanayogusana mezani linapendeza, lakini kwa uwindaji huu mimi hutazama vitu viwili tu. Cha kwanza ni risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi. Ipige siku tofauti, kila mara kwenye karatasi ile ile, uone kama matundu hayo ya kwanza yanaangukia pamoja. Hiyo ndiyo risasi utakayompigia mnyama. Cha pili ni kasi ya risasi ya pili: ukiwa umesimama, piga bamba kwa mita 50, chaji bila kushusha bunduki begani, piga tena. Jifunze mpaka bolti iende yenyewe.

Ukishachagua, nunua risasi za kutosha zenye namba moja ya toleo la kiwandani, kwani toleo jingine linaweza kupiga mahali pengine kidogo. Andika namba hiyo, umbali uliosawazisha na mahali risasi ngumu zinapoangukia ukilinganisha na zile zinazochanua, ubandike karatasi ndogo ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki. Na kila bunduki ikishasafiri kwa ndege au kutikiswa kwenye gari kwa saa nyingi, piga risasi mbili kwenye karatasi kabla ya kuingia porini. Zikiwa nje ya alama, sawazisha upya hapo hapo, hata kama jua limeshachomoza na wenzako wanakusubiri.